Umeme katika fuwele za vito

Neno «kaharabu» lilitoka Kiajemi likapitia Kiarabu, na maana yake ya asili ni «mnyang'anyi wa majani makavu», kwa sababu kito hicho kikisuguliwa kwa kitambaa huvuta vipande vya nyasi. Waarabu wamelitumia neno hilohilo kuitia jina nguvu ya umeme, kama Wazungu walivyolitumia jina la Kigiriki la kito hicho, elektron. Kiswahili hakikufuata njia hiyo. Kilichagua umeme wa mawinguni. Ndiyo maana msomaji wa Kiswahili hana budi kuelezwa uhusiano ambao wengine wanao ndani ya neno lenyewe.

Kaharabu, hata hivyo, ni utomvu wa miti ya kale, wala si fuwele. Fuwele ni jiwe ambalo atomi zake zimejipanga kwa safu zinazojirudia, na mpango huo ndio unaotawala mwenendo wa umeme ndani yake. Turmalini ikipashwa moto, ncha yake moja hupata chaji chanya na ya pili chaji hasi. Waholanzi wa karne ya 18 waliiita kivuta-majivu. Mwaka 1880 ndugu Jacques na Pierre Curie walionyesha kuwa turmalini na kwatzi hutoa chaji zikibanwa. Kinyume chake pia ni kweli: kwatzi ikitiwa umeme hutetemeka. Ndani ya saa ya mkono hutetemeka mara 32 768 kwa sekunde. Kwatzi ya kazi hiyo siku hizi huoteshwa viwandani, na hakuna anayeilalamikia.

Kwa almasi mambo ni magumu zaidi. Almasi safi haipitishi umeme, kwa kuwa kila atomi ya kaboni imezifunga elektroni zake nne za nje kwa jirani zake. Atomi ya boroni ina tatu tu. Ikiingia katika safu, huacha nafasi tupu, na kwa nafasi hizo mkondo hupita. Boroni hiyohiyo ndiyo huipa almasi rangi ya buluu, kama ile iitwayo Hope, ya karati 45,52, iliyowekwa Washington. Almasi iliyopewa ubuluu kwa mnururisho haipitishi umeme, na hivyo hugunduliwa. Lakini almasi ya maabara iliyotiwa boroni hupitisha, sawa na ya ardhini. Kipimo cha umeme, basi, hujibu swali la chanzo cha rangi. Hakijibu swali la mahali jiwe lilipozaliwa.

Tena ipo moisanaiti, kabidi ya silikoni, ambayo hupitisha joto vizuri hata kukidanganya kipimo cha joto cha wanunuzi. Nyingi hupitisha umeme kidogo, nazo hunaswa hapo.

Hapa lugha yetu ina deni. «Almasi bandia» husemwa kwa moisanaiti, na husemwa vilevile kwa almasi ya maabara, ambayo ni kaboni tupu na almasi kamili. Mchimbaji wa Mbuji-Mayi anayesomewa cheti kwa neno hilo moja hawezi kujua jiwe lake limekataliwa kwa sababu gani. Afadhali ya kwanza iitwe kiigizo cha almasi, na ya pili almasi ya kuoteshwa.