Jua Likizidi, Jani Linajikinga Namna Gani?

Wanafunzi wenzetu, katika biolojia tunajifunza kama jani linapika chakula kwa nguvu ya mwangaza. Wengi wanadhani mwangaza ukiongezeka, chakula nacho kinaongezeka bila mwisho. Hapana. Kila jiko lina kipimo chake. Saa sita ya mchana, penye jua wazi, klorofili inapokea nguvu kupita ile jani linaweza kutumia. Nguvu inayobaki haikai bure: inageuza oksijeni iliyo ndani ya jani kuwa sumu, nayo inaharibu mitambo ya jani lenyewe.

Basi jani linafanya nini, nalo halina miguu ya kukimbilia kivulini?

Kwanza, linageuka. Tazameni maharagi wakati jua linawaka sana: majani yake yanasimama, yanaonyesha jua ukingo tu, si uso.

Pili, ndani ya seli, zile punje za kijani zinazoitwa kloroplasti zinahama. Mwangaza ukiwa kidogo zinajitandaza. Ukizidi zinakwenda pembeni, moja nyuma ya ingine, zikitiana kivuli.

Tatu, jani linatupa nguvu iliyozidi kama joto. Lina rangi ya manjano, violaksantini, ambayo kwa dakika chache inageuka kuwa zeaksantini na kusaidia kazi hiyo. Jua likipungua, inarudi vile ilikuwa. Yamamoto na wenzake walieleza mgeuko huu mwaka 1962. Mwaka 1987 Barbara Demmig na wenzake wakauunganisha na kinga ya jani.

Nne, linajitengeneza. Protini moja, D1, inaharibika kila siku, na jani linaunda ingine. Lakini uharibifu ukishinda matengenezo, jani linapauka, kisha linaungua.

Hapo ndipo jambo linatugusa, sababu kahawa ndiyo inalipa minervali ya wengi kati yetu. Kahawa ya arabika asili yake ni misitu ya Ethiopia, chini ya miti mikubwa. Mche uliokulia kivulini una kinga ndogo. Ukiutoa pepinyeri na kuupanda siku ile ile penye jua kali, majani yanaweza kuungua hata ukimwagilia maji. Kwa hiyo, mbele ya kuhamisha miche, tupunguze kivuli kidogo kidogo, kwa majuma machache, ili majani mapya yaote yakiwa na kinga yao.

Na wakati wa kazi ya mikono, atakayeona miche imeanza kupauka asikimbilie mbolea. Atazame kwanza kivuli.