Meka moja kwa watu tisa

Masasi ya vita ya Agosti 1998 haikufika mu kampi zetu za wafanyakazi wa migodi, huku kusini ya Katanga. Ilifika ku chungu. Reli ya Kalemie ilikatika, ndakala za ziwa Tanganyika zikapotea sokoni. Mushahara ulichelewa miezi na miezi, posho ikakoma. Serikali ya mpito ilipowekwa mu 2003 tulicheza mu barabara, lakini chungu haikujua kama vita imeisha.

Mu nyumba zetu, mama njo alikuwa serikali. Unga hatukununua tena kwa mufuko, ni kwa meka, na meka yenyewe aliigawanya na kopo ya maziwa: kopo tatu za leo, ingine chini ya kitanda. Bukari tulikulaka mara moja, saa kumi ya muchana, ili watoto wasinzie mbele njaa irudi. Unga wa mahindi ukipunguka, alichanganya wa mihogo. Baba alinuna, akakula. Sombe ilipikwa na chumvi tu. Mama akimaliza kupika, aliita jirani alete chungu yake juu ya mbabula yetu, makala isizimike bure. Kesho yake ni sisi tulienda kwake. Sabuni ilikatwa vipande kwa uzi. Sukari? Ya mugonjwa.

«Muache ya baba!» Kila siku ile sauti. Fungu lake liliwekwa pembeni, sababu alienda kazini kwa miguu, hata bila kulipwa. Wasichana, wao walibakiaka na ukoko. Wengine leo wanasifu ile heshima ya zamani; sisi tunaona madada zetu walidhulumiwa.

Mubaya zaidi ilikuwa Januari mpaka Machi. Mahindi ya shamba ingali haijakomaa, na unga wa Zambia, ule unapitia Kasumbalesa, unapanda bei kila juma.

Hata leo ni vile. Kampuni zinapotuambia zitalipa mufuko wa unga kwa franga, vijana wanapiga makofi. Bamama wanakataa: franga iliyohesabiwa mu Juni, mu Februari haijazi mufuko. Njo maana sendika, mbele ya kugusa mushahara, inaulizaka: mufuko ni wa kilo ngapi, na unafika nyumbani tarehe gani?