Wimbo Umelipiwa, Ufunguo Haumo

Tuseme umepeleka gari Ghala, jijini Muscat, kufungiwa redio mpya. Fundi anachomeka fleshi uliyoijaza taarabu ulizozilipia kwa simu, za kikundi cha Culture Musical Club na wenzao. Redio ama haioni kitu, ama inaliona faili na kukaa kimya. Fundi hana kosa na redio ni nzima. Nyimbo zenyewe zimefungwa.

Kufuli la kidijitali ni hesabu. Muuzaji huuvuruga wimbo kwa fomula ya siri hadi usisomeke bila ufunguo, na ufunguo huo haumo ndani ya faili. Hutolewa na kompyuta zake, hukabidhiwa programu yake iliyomo kwenye simu yako, kisha hufungamanishwa na akaunti na kifaa. Redio ya gari haina programu hiyo, basi ufunguo haiupati. Ndiyo maana Spotify inakutaka uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30: simu inakwenda kuulizia kama ada imelipwa. Usipoingia, ulivyopakua vinanyamaza.

Hapo sioni dhulma. Anayelipa ada ya mwezi amekodi, na anajua. Ugomvi wangu ni na yule anayeuza wimbo mmojammoja, kwa bei kamili, huku akibaki na ufunguo.

Mwaka 2008 wateja wa MSN Music, duka la Microsoft, waliona matokeo yake. Mwezi Aprili waliarifiwa kwamba baada ya Agosti 31 hawataweza tena kuidhinisha nyimbo zao kwenye kompyuta mpya. Kompyuta ya zamani ikifa, muziki uliolipiwa unakufa nayo. Kelele zilipozidi, kampuni iliongeza muda hadi mwisho wa 2011. Ni kuahirisha tu. Wakati huo Apple ilikuwa tayari inageuza njia: Februari 2007 mkuu wake, Steve Jobs, alieleza hadharani kwamba kufuli ni matakwa ya kampuni kubwa za muziki, ilhali kampuni hizohizo zinauza CD zisizofungwa. EMI, mojawapo ya kampuni hizo, ilikubali kuuza bila kufuli mwaka huohuo, na 2009 nyimbo zinazouzwa iTunes, duka la Apple, zikafunguliwa.

Je, mwenyeji wa Muscat anaweza kulivunja kufuli la wimbo alioununua? Sheria ya hakimiliki ya Oman, iliyotolewa kwa Amri ya Kisultani namba 65 ya 2008, inakataza kuvunja kinga za kiufundi, mbali na katazo la kunakili kazi ya mtu. Ilikuja kuelekea mkataba wa biashara huria na Marekani, ulioanza kutumika Januari 1, 2009. Marekani yenyewe ina katazo kama hilo tangu 1998, ila kila miaka mitatu husikiliza maombi ya wanaotaka kusamehewa. Kinachonikera ni kwamba katazo husafiri upesi kuliko msamaha.

Upande wa pili Oman ina sheria ya kumlinda mlaji, Amri ya Kisultani namba 66 ya 2014, inayompa mnunuzi haki ya kupata taarifa sahihi za anachouziwa. Kwa usomaji wangu, kuficha kwamba wimbo hautalia nje ya programu moja ni kuficha taarifa. Shida ni utekelezaji: mwenye gereji Ghala anafikika, lakini muuzaji wa nyimbo yuko ng'ambo.

California imeanza na jambo dogo. Tangu Januari 2025, muuzaji haruhusiwi kumwambia mteja "nunua" bila kumweleza wazi kwamba anapewa leseni tu. Sheria hiyo haimgusi anayetoa faili la kupakua na kubaki nalo moja kwa moja bila mtandao.

Nawe kabla ya kulipa tafuta hilohilo: je, utapewa faili la MP3 au FLAC la kuhifadhi popote, kama wanavyofanya duka la mtandaoni la Bandcamp? Kama masharti hayasemi, piga picha ya ukurasa wa mauzo na uiweke pamoja na risiti. Ukifika Mamlaka ya Kulinda Mlaji ya Oman kulalamika, utaulizwa kwanza uliahidiwa nini.