Sampuli na Rudio: Istilahi za Kupangia Uchunguzi wa Vijidudu vya Udongo

Katika kazi ya kusanifu istilahi tumezoea kuulizwa: jambo hili kwa Kiswahili huitwaje? Ni mara chache tunaulizwa swali lililo gumu zaidi: je, neno moja halikubebeshwa dhana mbili? Neno sampuli ni mfano wa hatari hiyo.

Tuchukue mtafiti anayetaka kulinganisha vijidudu vya udongo wa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na vile vya mashamba ya mkonge wilayani Kilosa. Vijidudu vingi vya udongo havikubali kuoteshwa maabarani. Kwa hiyo DNA yao hutolewa udongoni moja kwa moja, kisha mashine husoma mamilioni ya vipande kwa pamoja. Kazi hii tunapendekeza iitwe usomaji wa mkupuo.

Mtafiti huyo akichimba shimo moja Mikumi na jingine Kilosa, akagawa udongo wa kila shimo katika mirija kumi, je, anazo sampuli ishirini? La, anazo mbili tu. Mirija ile huonyesha uthabiti wa kipimo. Haielezi tofauti baina ya shamba na shamba. Kila mrija wa namna hiyo tunauita rudio. Neno sampuli libakie kwa udongo uliochukuliwa mahali pake pekee, na mahali hapo pawe pengi katika kila upande unaolinganishwa.

Vilevile kina cha usomaji, yaani idadi ya vipande vinavyosomwa katika kila sampuli, hakifidii uchache wa sampuli. Shimo moja likisomwa mara milioni litabaki shimo moja.

Istilahi ya mwisho ni sampuli tupu: mrija usiotiwa udongo, lakini unaopitishwa katika hatua zote. Dawa za maabara huweza kuwa na DNA ya bakteria. Pasipo mrija huo, uchafu utahesabiwa kuwa mwenyeji wa Mikumi. Kadhalika, udongo wa hifadhi ukichukuliwa wakati wa masika na wa shamba wakati wa kiangazi, tofauti ya majira itadhaniwa kuwa tofauti ya mahali.

Kosa la mpango halisahihishwi na mashine, na mkulima atakayeshauriwa kwa matokeo hayo ndiye atakayelipa. Wataalamu na walimu tunawaomba watuletee maoni yao, hasa juu ya neno rudio.