Vichezeo vya mtoto: tutengeneze wenyewe nyumbani

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tunapotaja malezi, wengi wetu tunafikiria chakula, chanjo, chandarua na maji safi. Hayo yote ni ya lazima. Lakini liko jambo moja ambalo familia nyingi huliona kuwa la kupotezea muda tu, nalo ni mchezo. Mwezi huu tunapenda kueleza kwa nini mchezo ni sehemu ya afya ya mtoto, na namna ya kutengeneza vichezeo 7 kwa vitu vilivyopo nyumbani, bila kwenda dukani.

Kwa nini wauguzi tunazungumzia mchezo?

Ubongo wa mtoto hukua kwa kasi kubwa sana katika miaka ya mwanzo. Mtoto akifikisha miaka 2, ubongo wake umekwisha kupita robo tatu ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Ili ukue vizuri unahitaji chakula, lakini unahitaji pia kuona, kusikia, kushika, kusemeshwa na kujibiwa. Mtoto anayelazwa tu mkekani kutwa nzima, ameshiba na ni msafi lakini hakuna anayemsemesha, amepungukiwa na kitu.

Katika wodi ya watoto tunaliona jambo hili wazi kwa watoto wenye utapiamlo mkali. Mtoto huletwa akiwa amenyamaza, hatazami watu, hata kulia analia kwa shida. Tunampa maziwa maalumu na dawa, na uzito unaanza kupanda. Lakini yuko mtoto ambaye uzito umepanda na bado hacheki. Huyo hajapona sawasawa. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 kuhusu matibabu ya utapiamlo mkali unaagiza mtoto achezeshwe kwa mpango dakika 15 hadi 30 kila siku, na unaeleza hata namna ya kutengeneza vichezeo kwa makopo, chupa na vitambaa. Mchezo umeandikwa humo pamoja na maziwa na dawa.

Akina mama hutuambia, "Sista, kwetu hakuna fedha ya midoli." Tunawajibu, "Mama, hatukusema ununue."

Jambo lililotokea Jamaika

Mwaka 1986 na 1987, mjini Kingston katika nchi ya Jamaika, watafiti, miongoni mwao daktari Sally Grantham-McGregor, walichagua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, kutoka mitaa ya watu maskini. Waliwagawa katika makundi 4. Kundi la kwanza lilipewa kilo 1 ya maziwa ya unga kila wiki. Kundi la pili lilitembelewa na mhudumu wa afya saa moja kila wiki, ambaye alikuja na vichezeo vya kutengenezwa kwa mkono na kumwonyesha mama namna ya kucheza na mtoto wake. Kundi la tatu lilipata vyote viwili. Kundi la nne halikupata nyongeza hiyo. Kazi hii iliendelea kwa miaka 2.

Watoto waliochezeshwa waliendelea vizuri zaidi katika akili na lugha, na waliopata maziwa pamoja na mchezo ndio waliowapita wote. Lakini habari kubwa ilitangazwa mwaka 2014. Watafiti waliwatafuta tena watoto wale wakiwa na umri wa miaka 22 hivi. Wale waliochezeshwa na mama zao walikuwa wanapata kipato kikubwa zaidi kwa asilimia 25 kuliko wenzao wasiochezeshwa. Chanzo chake kilikuwa saa moja kwa wiki, vichezeo vya mkono, na mama aliyeelekezwa.

Hapa Tanzania nako, Desemba 2021, Serikali ilizindua programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ambayo inahimiza michezo na kumsemesha mtoto tangu akiwa mchanga. Kwa hiyo mama akisikia jambo hili kliniki, asidhani ni mzaha.

Vichezeo 7 vya kutengeneza

1. Kayamba la chupa (kuanzia miezi 3). Chukua chupa ndogo ya maji ya plastiki, ioshe kwa sabuni na kuikausha. Tia kokoto au punje za mahindi kiasi cha kiganja. Funga kifuniko kwa nguvu, kisha ishonee chupa yote mfuko wa kitambaa ili kifuniko kisifunguke. Itikise upande mmoja wa kichwa cha mtoto, halafu upande wa pili. Hapo mnacheza, na wakati huohuo unapima masikio yake.

2. Mpira wa matambara (kuanzia miezi 6). Viringisha matambara safi au majani makavu ya mgomba mpaka upate ukubwa wa chungwa, ufunge kwa kamba, kisha ushonee kitambaa juu. Mifuko ya plastiki ya kubebea, ambayo zamani tuliitumia kwa mipira, ilipigwa marufuku nchini Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019. Na hata ikipatikana, mtoto mdogo asipewe, kwa sababu inaweza kumziba pumzi.

3. Kopo la kutumbukiza (kuanzia mwaka 1). Tafuta kopo la plastiki lenye mdomo mpana na vitu vikubwa visivyoingia mdomoni mwa mtoto, kama vile magunzi ya mahindi yaliyokatwa na vifuniko vya makopo ya mafuta ya kupaka. Mtoto atatumbukiza, atamwaga, atatumbukiza tena. Mhesabie: moja, mbili, tatu. Mikono inajifunza, na hesabu inaanza.

4. Mdoli wa matambara (kuanzia mwaka 1). Kata vitambaa viwili vyenye umbo la mtu, vishone pembeni, jaza vipande vya nguo ndani, kisha malizia kushona. Macho na mdomo uvidarizi kwa uzi. Usiweke vifungo vya shati, maana mtoto huving'oa na kuvimeza. Muulize mtoto: pua iko wapi? Masikio je? Wavulana nao wapewe. Kubembeleza mtoto ni kazi ya baba pia.

5. Kitabu cha picha (kuanzia mwaka 1 na nusu). Kata vipande 4 vya boksi vya sentimeta 15 kwa 20. Bandika picha kutoka kalenda za zamani, magazeti au karatasi za vifungashio: ng'ombe, basi, mama, ndizi. Toboa matundu upande mmoja na kufunga kwa kamba. Gundi tengeneza mwenyewe: koroga vijiko 2 vya unga wa ngano au muhogo katika kikombe 1 cha maji baridi, pika huku ukikoroga mpaka uwe mzito, ipoe. Itumie siku hiyohiyo, kwa maana huchacha.

6. Gari la boksi (kuanzia miaka 3). Kata magurudumu 4 ya upana wa sentimeta 5 kutoka kandambili zilizochakaa. Toboa katikati, pitisha vijiti vilivyonyooka, na uvipitishe kwenye boksi dogo. Weka kamba ya kuvutia. Mtoto wa miaka 7 na zaidi anaweza kujitengenezea la waya, lakini ncha zote zipindwe kwa koleo, na mkubwa awe karibu. Mtoto akichomwa na waya wenye kutu, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, na uulize kliniki kama chanjo yake ya pepopunda imekamilika.

7. Udongo wa kufinyanga (kuanzia miaka 3). Udongo wa kichuguu au wa mfinyanzi unafaa sana. Uchimbe mbali na choo na zizi, uondoe mawe, uloweshe na kuukanda kama unga wa chapati. Watoto watafinyanga vyungu, kuku, ng'ombe na watu. Vikauke kivulini ili visipasuke. Baada ya kazi, kila mtoto anawe mikono kwa sabuni, maana mayai ya minyoo hukaa kwenye udongo. Wanaotaka rangi watumie mkaa uliosagwa, bizari au udongo mwekundu.

Mambo ya hatari tunayoyaona

Kichezeo kinaweza kumleta mtoto hospitali. Tafadhali zingatieni haya:

Vitu vidogo. Mtoto wa chini ya miaka 3 asipewe kitu chochote kinachoweza kuingia chote mdomoni: visoda, maharage, njugu, vifungo, goroli. Visoda pia vina makali.

Mbegu zenye sumu. Zile mbegu nzuri nyekundu zenye doa jeusi, za mtipitipi, na mbegu za mnyonyo, zisitungwe shanga kwa ajili ya watoto. Zikitafunwa zinaweza kuua.

Utomvu wa mnyaa. Wako watoto wanaotumia maziwa ya mnyaa wa uani kama gundi. Utomvu huo ukiingia jichoni unaunguza vibaya. Osha jicho kwa maji safi mengi papo hapo kwa dakika 15 au zaidi, kisha njooni hospitali. Msitie dawa ya kienyeji.

Betri. Msipasue betri za redio ili kupata rangi nyeusi. Na vile vibetri bapa vya saa na rimoti vifichwe kabisa. Kimoja kikimezwa na kukwama kooni kinaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa 2. Msingoje kitoke chenyewe chooni. Leteni mtoto upesi.

Vyombo vya sumu. Chupa au kopo lililowahi kuwa na dawa ya mifugo, ya pamba au ya kuua wadudu halifai kwa mchezo, hata likioshwa mara 10. Makopo ya bati yapigwe nyundo kingo zake zisikate.

Mtoto akipaliwa

Kama anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Kama hawezi kukohoa, kulia wala kupumua, msikimbilie kutia kidole kooni bila kukiona kitu. Mnaweza kukisukuma ndani zaidi. Wakati mmoja anamsaidia, mwingine atafute usafiri wa kwenda hospitali.

Mtoto wa chini ya mwaka 1: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5. Kisipotoka, mgeuze chali na kubonyeza katikati ya kifua kwa vidole 2 mara 5. Rudia.

Aliyezidi mwaka 1: muinamishe mbele, mpige katikati ya mabega mara 5. Kisipotoka, simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu chake, ishike kwa mkono wa pili na uvute kwa ndani na kuelekea juu mara 5. Rudia mpaka kitoke. Hata kikitoka, mlete apimwe.

Wakati uko wapi?

Tunajua kazi za nyumbani ni nyingi: shamba, kuni, maji, na jioni imefika. Lakini mchezo hauhitaji siku yake peke yake. Mama anapochambua mchicha, mtoto akae karibu na kopo lake la kutumbukiza, na mama amsemeshe huku kazi ikiendelea. Baba akirudi anaweza kukifungua kitabu cha picha dakika 15 kabla ya chakula. Bibi na babu ni walimu wazuri wa kufinyanga na kusuka. Kaka na dada wakubwa washone mpira. Kichezeo kizuri peke yake hakitoshi. Mtoto anahitaji mtu wa kucheza naye.

Vichezeo vya plastiki vioshwe kwa sabuni kila wiki, na kila mara baada ya mtoto kuugua kuharisha. Vya kitambaa vifuliwe na kuanikwa juani.

Lini muwaone wauguzi

Mnapocheza na mtoto ndipo mnapogundua mapema kama kuna kasoro. Mleteni kliniki, pamoja na kadi yake, mkiona mtoto wa miezi 6 hageukii sauti ya kayamba wala hafuati kitu kwa macho; mtoto wa mwaka 1 hawezi kukaa mwenyewe; mtoto wa miaka 2 hasemi neno lolote; au mtoto wa umri wowote aliyekuwa akicheza na sasa ameacha. Msiseme "ni mvivu kama mjomba wake" mkaendelea kungoja. Masikio, macho na viungo vikipimwa mapema, mara nyingi kuna la kufanya.

Basi, Jumamosi hii chukueni chupa moja, kokoto chache na kipande cha khanga kilichochakaa. Waiteni watoto wakubwa wasaidie, na mdogo kuliko wote akabidhiwe kayamba lake.

Toleo lijalo tutazungumzia minyoo na namna ya kuwakinga watoto. Tunawatakia afya njema.