Karamu za kikoa zisiwe mashindano ya mifuko

Muhula unapokaribia kufungwa, katika shule nyingi humu nchini hubandikwa karatasi kwenye ubao wa chumba cha walimu. Karatasi hiyo huwa na safu mbili: upande mmoja jina la mwalimu, upande wa pili chakula atakacholeta. Hiyo ndiyo karamu yetu ya kuagana, ambapo kila mmoja huja na sufuria yake na vyakula vyote vikaandaliwa kwenye meza moja. Wanafunzi nao wana karamu zao za namna hiyo, hasa wale wa kidato cha mwisho wanapojitayarisha kuagana na wenzao.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Waswahili wana neno kikoa, yaani ulaji wa pamoja ambao wanaoshiriki huandaliana chakula, leo huyu na kesho yule. Wana pia neno bia, yaani kuchanga ili watu wale au wafanye jambo pamoja, na wafanyabiashara wetu wanapozungumzia ubia na mbia, wanazungumza lugha hiyo hiyo ya kushirikiana. Maneno haya hayakuundwa kwa ajili ya matajiri. Yaliundwa na watu waliojua kwamba chungu cha mmoja ni kidogo, lakini vyungu kumi ni karamu.

Hata hivyo, nina kisa ambacho kimenifanya niishike kalamu leo, nami sikisimulii kwa fahari.

Miaka kadhaa iliyopita, katika shule niliyokuwa nikifundisha, karatasi ya karamu ilibandikwa na mimi nikawa wa kwanza kuijaza. Niliandika: mguu wa mbuzi. Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka tu wenzangu wale wafurahi. Aliyenifuata hakutaka kupitwa, akaandika kuku wawili. Wa tatu akaandika pilau ya nyama. Kufikia adhuhuri karatasi ilikuwa imejaa biriani, sambusa za nyama, chapati na keki. Mwalimu mmoja kijana, aliyekuwa ameajiriwa na halmashauri ya shule kwa ujira mdogo, alisimama mbele ya karatasi ile kwa muda, kisha akaondoka bila ya kuandika neno.

Siku ya karamu hakuonekana. Nilipokwenda maktabani kurudisha kitabu, nilimkuta ameketi peke yake akisahihisha mitihani, na kando yake kikombe cha chai ya rangi na kipande cha mkate.

"Mwalimu, mbona uko huku? Wenzako wanakungoja," nilimwambia.

Aliinuka kwa adabu, akatabasamu, akasema: "Mwalimu, mkono mtupu haulambwi."

Nilimsihi, lakini alishikilia kwamba ana kazi nyingi. Nikarejea mezani, na nyama ile niliyoileta mwenyewe haikunipita kooni vizuri. Nilipoitazama meza ndipo nilipoona jambo ambalo lilinishangaza zaidi. Nyama ilikuwa tele, na nyingi ilibaki. Mafuta ya pilau yalikuwa yameanza kuganda. Matunda hayakuwapo, wala mboga. Kitu cha kwanza kabisa kwisha kilikuwa bakuli dogo la kachumbari, na waliochelewa walikuwa wakiuliza iko wapi. Kumbe meza yetu ya kifahari ilikuwa imekosa kile kile ambacho kijana yule angeweza kukileta.

Ninaloshikilia, basi, ni kwamba karamu ya kikoa hustawi kwa vyakula vyepesi na vya bei nafuu. Navyo ni vyepesi kwa njia tatu: havimwelemei mnunuzi mfukoni, havimlemei mlaji tumboni, wala havimsumbui mbebaji ndani ya matatu. Tena vyumbani mwetu mna walimu wenye kisukari na shinikizo la damu ambao hula kwa kuona haya kukataa. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na chumvi isiyofika gramu 5. Ni karamu zetu ngapi ambazo zinakumbuka ushauri huo?

Nianze na hiyo kachumbari. Kitunguu kikatwe vipande vyembamba, kifikichwe kwa chumvi kidogo na kusuuzwa kwa maji baridi ili ukali umtoke. Nyanya, tango, kabichi au karoti hufuata, pamoja na dania na maji ya ndimu. Siri yake ni kwamba chumvi hutiwa wakati wa kuandaa mezani, kwa kuwa chumvi huvuta maji kutoka katika mboga, na kachumbari iliyotiwa chumvi alfajiri itafika shuleni ikiwa mchuzi.

Baada ya hiyo kuna ndengu, ambazo watu wa pwani huziita pojo. Kwa bei ya kilo moja ya nyama, mtu hupata zaidi ya kilo mbili za ndengu kavu, na ndengu hizo zikiroweshwa usiku kucha na kuchemshwa, uzito wake huongezeka zaidi ya maradufu. Kitunguu, nyanya, kitunguu saumu na kijiko kimoja au viwili vya mafuta vyatosha. Anayependa ladha ya nazi atie tui la pili, lile jepesi, badala ya tui zito; harufu ya nazi itakuwapo lakini mafuta yatapungua. Mbaazi na kunde hupikwa kwa njia iyo hiyo.

Githeri nayo isidharauliwe eti kwa sababu wengi wetu tuliila tulipokuwa wanafunzi wa bweni. Walimu wa sayansi watatuthibitishia kwamba protini ya mahindi ina upungufu ambao maharagwe huuziba, na ya maharagwe ina upungufu ambao mahindi huuziba. Ikitiwa karoti, kabichi na dania, ikakaushwa kidogo, hubebeka bila ya kumwaga mchuzi kwenye nguo za abiria wenzako.

Viazi vitamu, nduma na mihogo havihitaji ufundi wala mafuta. Huchemshwa, vikakatwa vipande vya kushikika kwa vidole, na kuliwa kwa ukwaju ulioroweshwa, ukachujwa na kutiwa chumvi, pilipili na sukari kidogo. Mihogo ichaguliwe ile mitamu, imenywe na kuchemshwa vyema hadi iive, kwani mihogo mibichi ina sumu.

Mwisho ni matunda. Papai, nanasi, ndizi na tikitimaji, yakikatwa vipande na kunyunyiziwa maji ya ndimu, hufanya bakuli la kuvutia macho. Ndimu hiyo si ya ladha tu. Ukali wake huzuia ndizi na parachichi zisigeuke rangi upesi. Anayejua majira hununua kwa bei ndogo: embe hujaa masokoni kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi mwanzoni mwa mwaka unaofuata, na mwenye kungoja majira hayo hula vizuri kwa fedha chache.

Kuna na suala la usalama, ambalo wapishi wa nyama na wali hulisahau. Chakula kilichopikwa hakifai kukaa mahali pa joto la kawaida kwa muda unaozidi saa 2. Wali una hatari yake ya pekee, kwa sababu ndani yake mnaweza kuwamo viini ambavyo havifi kwa kuchemshwa, na wali ukiachwa ukae vuguvugu huzaana na kutoa sumu. Pilau iliyopikwa alfajiri ikaliwa alasiri ni ya kuogopwa. Viazi vilivyochemshwa asubuhi hiyo hiyo, na matunda yaliyokatwa papo hapo kwa mikono safi, hayana hofu kubwa kiasi hicho.

Najua kwamba wapo watakaonipinga. Watasema kwamba karamu bila ya nyama si karamu, na kwamba mgeni akialikwa kula ndengu atahisi amedharauliwa. Siwalaumu. Kwetu nyama ni heshima, na mbuzi huchinjwa mtu anapotukuzwa. Lakini mgeni aliyeletewa mbuzi na mwenyeji wake ni tofauti na wenzi wanaokula kwa bia. Katika bia hakuna mgeni wala mwenyeji, sote tu wamoja. Ikiwa nyama ni lazima, basi na inunuliwe kwa fedha za mfuko wa pamoja, ipikwe katika sufuria moja isiyo na jina la mtu. Hapo hatutajua nani kaleta paja na nani kaleta utumbo.

Hivyo ndivyo tulivyofanya muhula uliofuata. Karatasi haikuwa tena na safu mbili tupu. Mwandalizi aliigawa kwa aina za vyakula: mboga, jamii ya kunde, viazi na mihogo, matunda, vinywaji, na kila aina ikawa na nafasi chache tu. Kijana yule aliandika ndengu. Sufuria yake ilirudi nyumbani tupu, naye aliketi katikati yetu akibishana kuhusu kandanda kama mtu asiye na deni.

Wanafunzi nao wana la kujifunza hapa. Kwa nini wamlilie mzazi awape fedha za soda na keki, ilhali katika somo la sayansi kimu wamefundishwa kupanga mlo kamili kwa gharama ndogo? Darasa la watu arobaini likigawana kazi, mmoja akaleta nyanya mbili, mwingine kitunguu, mwingine ndimu, hakuna mzazi atakayekopa.

Wahenga walinena kweli kwamba mkono mtupu haulambwi. Lakini walinena pia kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali ya kwanza humzuia mtu mlangoni, na ya pili humfungulia. Ni juu yetu sisi tulioajiriwa zamani kuchagua ni ipi itakayosomeka kwenye ubao. Muhula huu, karatasi itakapobandikwa, mwenye mshahara mkubwa kuliko wote na awe wa kwanza kuishika kalamu, na aandike: kachumbari.