Njia za Kijani Zipande Mpaka Gitega

Gitega tunayoizungumza hapa si ile ya Burundi. Ni sekta ya wilaya ya Nyarugenge, mjini Kigali, mahali ambapo nyumba zimebanana hata maji ya bati la jirani hudondokea mlangoni kwako. Saa kumi na moja alfajiri wenzetu wa zamu ya kwanza wamekwisha toka. Wengi huteremka kwa miguu kuufuata mfereji wa Mpazi, wakapita Kimisagara, wakatokea kwenye stendi ya mabasi ya Nyabugogo. Wenye baiskeli huzikokota zaidi kuliko kuzipanda, maana Kigali ni mji wa milima.

Wafanyakazi hawa hawahitaji kufundishwa faida za kutembea. Wanatembea kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi inakula mshahara. Kwa hiyo tunaposikia kwamba mji unapanga njia za kijani za waendao kwa miguu na kwa baiskeli, zenye kuunganishwa bonde kwa bonde, hatuupingi mpango huo hata kidogo. Tunauliza tu: njia hizo zinatoka wapi na zinakwenda wapi?

Zamani viwanda vingi vilikuwa katika bonde la Gikondo, na mtu wa Gitega aliweza kuvuka mlima akafika kazini kwa miguu. Lakini bonde lile ni kinamasi. Mafuriko yaliingia viwandani, na uchafu wa viwanda uliingia majini. Serikali ikaamua viwanda vihame, na vingi vikaenda Masoro, wilaya ya Gasabo. Uamuzi ule ulikuwa sahihi, nasi hatuwezi kusema vingine. Lakini mashine zilipohama, nyumba ya mfanyakazi ilibaki palepale. Kutoka Gitega mpaka Masoro ni zaidi ya kilomita 10.

Mwaka 2024 ilianza kazi ya kurudishia uhai vinamasi vitano: Gikondo, Rwampara, Rugenge-Rwintare, Kibumba na Nyabugogo. Kwa jumla ni karibu hekta 490, na Benki ya Dunia imo katika kuigharimia kazi hiyo. Njia za miguu na za baiskeli zimo katika michoro. Mfano uliotangulia ni bustani ya Nyandungu, hekta 121, iliyofunguliwa mwaka 2022. Ni mahali pazuri. Kuna kivuli, kuna ndege wa kila namna, na palikuwa kinamasi kilichokwisha haribiwa. Ila mlangoni pana kiingilio. Kwa anayekwenda kupumzika Jumapili hilo si neno. Lakini hakuna mtu awezaye kukata tiketi kila alfajiri ili apite kwenda kazini! Tunataka ijulikane mapema, kabla saruji haijakauka, kama njia za vinamasi hivi vitano zitakuwa barabara za watu au bustani zenye lango na saa ya kufunga.

Jambo la pili ndilo kubwa zaidi. Vinamasi viko chini, watu wanaishi juu. Maji ya Mpazi hufika Nyabugogo bila kumwomba mtu ruhusa, na masika yakizidi hufika na vyombo vya watu. Binadamu akiufuata mkondo huohuo hukuta njia imekatika: hapa vidato vimebomoka, pale hakuna taa, na mwisho anatupwa katikati ya mabasi na malori ya Nyabugogo. Njia ya kijani ikiishia bondeni bila kupanda mpaka Gitega, itakuwa ya wale wanaofika bondeni kwa gari, wakashusha baiskeli zao wakafanya mazoezi.

Na nafasi ipo. Pale Mpazi zimejengwa nyumba za ghorofa, na watu waliokuwa na vibanda wamepewa makazi papo hapo kwa kubadilishana na viwanja vyao. Mahali kama hapo, ambapo ardhi imekwisha pangwa upya, kuna ugumu gani kuweka njia pana kando ya mfereji, ngazi zenye mtelemko wa kusukumia baiskeli, taa za usiku, na kivuko cha salama kule chini? Njia hiyo ikifika Nyabugogo, itawafaa hata wenzetu wa miwa na kiwanda cha sukari cha Kabuye, walio upande wa pili.

Baiskeli katika mji huu imeonekana kwa sura mbili. Kuanzia tarehe 21 mpaka 28 Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Barabara zilifungwa, shule zilifungwa, na watumishi wa serikali wakaambiwa wafanyie kazi nyumbani. (Kiwandani hakuna kazi ya kufanyia sebuleni, lakini hayo tuyaache.) Tulishangilia kama wengine. Ila mnyonzi anayebeba abiria kwa baiskeli, yeye amezuiwa katika barabara kuu kadhaa, na hajapewa njia nyingine. Tangu 2016 ipo pia siku ya mji bila magari, nayo ni Jumapili. Sisi tunaiomba Jumatatu.

Wenzetu wakumbuke kwamba ajali impatayo mfanyakazi akiwa njiani kwenda au kutoka kazini huhesabiwa katika bima ya ajali za kazi, ambayo mwajiri huilipia asilimia 2 ya mshahara. Basi usalama wa njia unamhusu mwajiri pia, na viongozi wa matawi waulete mezani wanapozungumza naye habari za usafiri.

Kwa sasa kila tawi liandike karatasi moja: wanachama wanatoka mtaa gani, wanapita wapi, saa ngapi, na ni mahali gani wanapoogopa. Walio Gitega waisome karatasi hiyo katika mkutano unaofuata umuganda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, viongozi wa sekta wakiwapo. Nakala nyingine iletwe kwetu.